Salamu Zilizokula Dakika Zangu Tano

Siku moja naikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa, mwanangu, na leo nitakusimulia kwa sababu nimesikia Jumatatu na wewe utasimama mbele ya darasa kuzungumzia muhogo. Kaa hapo. Hiyo simu iweke chini, haitakimbia.

Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni hapa Kasulu. Mwalimu wetu wa biolojia, Mwalimu Salehe, mtu wa Tanga, alimpa kila mmoja wetu dakika tano azungumzie jambo la kwao, kwa alama, na wazazi wakaalikwa kusikiliza. Mimi nilichagua muhogo. Mwaka ule kwetu Makere muhogo ulikuwa unaoza ardhini huku majani yake yanapendeza kabisa, na watu wakaanza kutajana uchawi. Mimi nilikuwa nimeshaelezwa na bwana shamba kwamba ugonjwa unasafiri ndani ya pingili, ile miti tunayokata na kupanda tena. Ukichukua pingili kwenye shamba bovu, umepanda uozo. Maneno yenyewe ni hayo tu, na nilikuwa nimeyakariri mpaka nayaota.

Baba alikuwa amekwenda Manyovu kuuza maharage, kwa hiyo alikuja jirani yetu, Mzee Bihemo, aliyenibeba nikiwa mchanga. Nilipoinuka kwenda mbele nikamwona amekaa nyuma, kofia magotini. Sasa wewe mtoto wa mjini hujui. Kwetu Waha mtoto hafungui mdomo mbele ya mzee kabla ya kumsalimia, na salamu yetu si shikamoo ukapita. Unainama, unapiga makofi taratibu, unauliza habari za nyumbani, za watoto, za mbuzi, za mvua, naye anajibu moja moja, kisha zamu yake ya kukuuliza inaanza. Kumkatiza ni utovu wa adabu ambao hata mama wa mtoto angekuja kusimangwa nao. Basi nikainama, nikapiga makofi. Mzee naye, mtu wa adabu zake, akajibu zote, akaniuliza habari za chakula cha bweni, za afya, za wenzangu. Nilikuwa bado nimeinama niliposikia Mwalimu Salehe anagonga meza.

"Muda wako umekwisha. Mwingine."

Nilishtuka, mwanangu, masikio yakavuma. Nilidhani ananitania, kumbe mwenzangu ameshanyanyuka na karatasi zake. Darasa lilicheka, hasa wale waliotoka mikoa mingine, nami nikarudi kukaa bila kusema hata neno moja la muhogo. Na usiniambie ningemfuata mzee nje nikamweleza. Najua. Aibu ilinishika, nikaenda bwenini kulilia alama zangu mpaka mzee akapata gari la kurudi Makere. Nikajisemea nitamwambia likizo. Ngojangoja huumiza matumbo, na matumbo yenyewe hayakuwa yangu.

Likizo ilipofika nikamkuta shambani, keshapanda ekari nzima, kwa pingili za shamba lile lile bovu. Nikamweleza yote pale pale, nimesimama kwenye matuta. Hakunikatiza. Mvua zilikuwa zinaishia na pingili safi hazikupatikana popote, hata mimi nililijua hilo. Nilipomaliza nikangoja anifariji, anisifu hata kidogo, maana si nilimheshimu mbele za watu? Aliegemea jembe akaniangalia.

"Nilitoka hapa kuja kukusikia wewe," akasema. "Salamu ninazo kila siku. Kwa nini ulinipa salamu?"

Nikapigwa na butwaa. Mimi, niliyekosa alama kwa ajili ya adabu yake, ndiye ninayekaripiwa! Mwaka uliofuata mzee aling'oa mashina yale, muhogo ndani kahawia tupu. Wajukuu zake wakahamishiwa kwa wajomba zao Kibondo kwa sababu nyumbani hapakuwa na kitu cha kutia chunguni, na mdogo wao hakurudi tena shule.

Heshima si utumwa, mwanangu, sikukatazi kuinama. Jumatatu ukiona mzee amekaa nyuma, msalimie kwa neno moja lenye adabu, kisha sema ulichoitiwa kusema, tena kwa sauti ya kumfikia. Salamu ndefu mpelekee jioni, kwake, na muda wako. Mwenye neno linaloweza kuokoa chakula cha watu akalimeza, hata akilimeza kwa adabu, amewanyima. Na ukizidiwa na dakika, usiende kulia bwenini. Mkimbilie nje, umshike mkono, umwambie kabla gari halijaja.

Mungu aufungue mdomo wako, ayatulize magoti yako, na yeyote atakayekusikiliza aende nyumbani akiwa na kitu cha kufanya. Haya, simama pale mlangoni. Nianzie huo muhogo.