Chupa ya Mama Mkwe

Nilitaka kujua kitu kimoja tu: kwa nini ofisi yetu ya mtaa wa Asiatique inunue maji ya chupa kila siku, wakati chupa tupu zimeziba mitaro ya mtaa wa Bwiza hadi mvua inaingia majumbani. Vita vilikuwa vimetuchosha vya kutosha. Sikuona sababu ya kuzamishwa na plastiki pia. Nikatangaza kwamba nitaleta maji ya kuchemsha kutoka nyumbani, katika chupa zilezile.

Asubuhi umeme haukuwepo. Nikapapasa mezani, nikashika chupa, nikaenda kazini.

Wenzangu walionja, wakatazamana.

"Mbona iko na chumvi?" akauliza shefu, mkubwa wetu wa kazi.

Hata mimi nilishangaa, lakini nilikuwa nimeshahubiri sana. Nikaeleza kuwa hayo ni madini, na ukiyachemsha ndiyo yanaamka. Shefu akavutiwa, akaomba glasi ya pili.

Ndipo akaingia mama mkwe wangu, ameshika chupa kama yangu. Siku hiyo tulikuwa tunarudi Gasenyi, kwenye nyumba tuliyoikimbia wakati wa risasi, naye hakukubali mtu alale humo kabla hajainyunyizia maji ya baraka. Alikuwa ametoka kwetu alfajiri, akatangulia huko.

Nikasimama kwa heshima.

"Mukwe," alisema polepole, "nimenyunyiza vyumba vyote, hata choo. Kisha kiu ikanishika, nikaonja kidogo. Hii maji haina ile chumvi padri alitia."

Shefu akashusha glasi yake mezani. Ilikuwa tupu.