Jiwe la Baba Mdogo

Wiki iliyopita, pale Igoma, fundi alinyanyua nyuma ya gari langu kwa jeki, akaniambia nivute hendibreki, kisha akalizungusha gurudumu kwa mkono. Likazunguka. Alipolifungua, ikanijia harufu kali ya mafuta ya breki yaliyovuja na kulowesha breki yenyewe.

"Dada, hili ukiliegesha mlimani bila jiwe, linarudi nyuma."

Jiwe! Harufu ileile ndiyo iliyokuwa kwenye pikapu ya baba mdogo. Kila alipoegesha, alishuka akaweka jiwe nyuma ya tairi. Mimi, utotoni, nilidhani magari hufungwa kama ng'ombe, yasitoroke.

Alasiri moja alimtuma mama, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amejua kuendesha, ampelekee pikapu mwaloni, kwenye mteremko wa ufukweni wanakoanika dagaa. Kuhusu jiwe hakumwambia kitu. Mama alivuta hendibreki kwa mikono miwili, nilisikia ilivyolia. Tuliposhuka tu, pikapu ikarudi nyuma taratibu, ikapita juu ya dagaa, ikaingia ziwani.

"Mwanamke hata hendibreki hajui kuvuta!" baba mdogo alifoka, na mwalo mzima ukacheka. Mama hakushika usukani tena. Nami nilikua nikiamini kwamba alikosea.

Kumbe baba mdogo alijua. Miaka yote hiyo alijua!

Jumapili anakuja kwangu kula sato. Nitamwamkia kwa adabu zote, kisha nimwonyeshe kiti chake, mkabala na mama. Jiwe nimeshaliweka hapo.