Msusi Anayefuata Umbea wa Samaki

Saa mbili kasoro robo asubuhi. Ndani ya maabara, mwanamke mmoja anavua viatu, anavaa kandambili, anafuta kioo cha kompyuta, kisha anainama kama mama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto. Mbele yake kuna ubongo wa samaki.

Samaki mwenyewe hafikii urefu wa punje ya mchele. Ubongo wake umekatwa vipande elfu tatu, vyembamba kuliko unywele mara elfu, na kila kipande kimepigwa picha kwa darubini. Kazi ya mama huyu ni kufuata uzi mmoja mmoja wa neva, picha hadi picha, akiuwekea nukta za rangi, mpaka ijulikane umetoka wapi na umeishia wapi.

“Ni umbea tu,” anasema bila kugeuka. “Nafuatilia nani kamwambia nani.”

Ana miaka arobaini na mmoja na watoto watatu. Kwa miaka kumi na sita alisuka nywele, ndiyo maana hapa maabara wanamwita Msusi. Mteja wake mmoja, daktari wa utafiti, alikuwa akisukwa huku akifuata nyuzi hizihizi kwenye kompyuta ya mapajani. Msusi akachungulia juu ya bega lake.

“Dada, huo uzi umekupotea. Umerukia wa jirani.”

Daktari akakagua, akakuta ni kweli. Wiki iliyofuata Msusi akaanza miezi mitatu ya majaribio.

Nyumbani hawakuelewa haraka. “Mama mkwe aliuliza hao samaki tunakula lini,” anacheka. “Nikamwambia, mama, hata ukila mia utalala na njaa.”

Kwa utaratibu wa maabara, uzi hufuatwa na watu wawili; wakikubaliana, unafungwa, yaani haurudiwi tena. Msusi akaongeza lake: akimaliza, anarudi kinyumenyume kutoka mwisho.

“Ukisuka unajua ulikoanzia. Ukifumua ndiyo unajua ulikokosea.”

Jumanne ya wiki ya mwisho ya majaribio, alikuwa akiurudia uzi namba 212. Yeye na mwenzake walishaufunga wakikubaliana kwamba unatoka upande wa jicho kwenda upande wa mkia. Safari hii akaanzia mkiani, akaibukia sikioni.

Kosa lilikuwa kwenye picha ya 1,904. Kipande kilikunjika kidogo, nyuzi mbili zikagusana, na wote wawili wakahama njia bila kujua. Tatizo ni kwamba Daktari alishaujengea uzi huo hoja nzima, na bango lake kubwa la matokeo lilikuwa limebandikwa ukumbini likisubiri wageni wa utafiti.

“Nilishika shavu,” anakumbuka. “Nikajiuliza, nikisema, Ijumaa nitapewa mkataba au nitapewa mkono wa kwaheri?”

Mwenzake, kijana wa miaka ishirini na sita anayeitwa Babu kwa sababu ya miwani yake, alikuwa na ushauri. “Msusi, funika kombe. Samaki mwenyewe keshakufa, atalalamika kwa nani?”

“Babu wewe. Mteja akitoka na mistari imepinda kisogoni, yeye haoni, ila mtaa mzima unaona.”

Akapanda ngazi hadi kwa Daktari. Daktari alipitia picha kwa dakika arobaini, akashuka ukumbini, akabandua bango kwa mikono yake.

“Umenivurugia miezi miwili,” akamwambia. “Ila heri wewe kuliko wageni.”

Ijumaa Msusi alisaini mkataba wa miaka miwili. Sasa kila uzi unarudiwa kinyumenyume, na mwalimu wa zoezi hilo ni yeye. Babu ndiye mwanafunzi wa kwanza, na analalamika kila siku.

Miguu iliyokuwa ikivimba kwa kusimama saluni imepona. Ameshakamilisha nyuzi 340. Maabara inakadiria zimebaki kama elfu tisa. Hazimtishi. Daktari amemruhusu alete watu wawili wajaribiwe, na tayari amewachagua wenzake wa zamani wa saluni.

“Mikono yao haitetemeki,” anasema, akibofya picha inayofuata. “Na kwa umbea, mimi kwao ni mtoto mdogo.”