Zuberi Aliponyamaza

Wapenda filamu wa Gitega wanamjua Zuberi kwa sauti yake. Kazi yake ni kutafsiri filamu ukumbini: anashika maikrofoni, anazima sauti ya filamu yenyewe, kisha anawasemea wote, jenerali, farasi, hata bomu. Kuchekesha anajua, hilo halina ubishi. Askari akipigwa risasi, Zuberi humsemea, "Mwambieni mke wangu maharage yako jikoni!" Watu wanashika mbavu.

Mmoja tu hakucheka, naye ndiye aliyemkosesha raha: mama mkwe wake, Mama Kadidja wa Muyinga. Mumewe, Ilyasi, alitoka nyumbani wakati wa vita asirudi, na kaburi lake halijulikani. "Bwana yako iko anachekesha watu na maiti," alimwambia binti yake Salima mwaka ule wa harusi. Tangu hapo, miaka kumi na moja, hajakanyaga nyumba yao ya mtaa wa Musinzira, hapo Gitega. Hata wajukuu ilibidi apelekewe. Zuberi alijifanya hajali. Uongo mtupu, lilimkaa rohoni.

Mwaka huu aliitwa Muyinga kutafsiri filamu ya vita siku ya Idi. Akaitazama kwanza nyumbani ili aikariri, na kwa kuwa jirani yake fundi seremala alikuwa anapiga randa, akaweka spika za masikioni. Ndipo akasikia muziki wa filamu, yeye ambaye kwa miaka yote alikuwa akiuzima!

Filamu ilimhusu mpishi wa jeshi. Kila jioni anapanga bakuli saba za askari, anapakua, na fidla moja inapiga wimbo mfupi. Vita inakula watu, bakuli zinapungua, na wimbo nao unakatwa sauti moja moja, mpaka unabaki na mashimo kama ukuta uliong'olewa matofali. Mabomu yakilia, fidla inanyamaza kabisa. Haimwambii mtu aogope wala ashangilie. Zuberi alitoa spika masikioni akakaa tu. Alijionea aibu, tena aibu kubwa.

Siku ya Idi, baada ya sala ya adhuhuri, ukumbi wa Muyinga ulijaa. Salima alikuwa amembembeleza mama yake wiki nzima.

"Bon, nitakuja," Mama Kadidja alikuwa amemjibu. "Mais nitakaa karibu na mlango. Akianza ujinga yake, mi natoka, na usiniombe tena."

Zuberi alimwona pale mlangoni, mkoba mapajani, tayari kuondoka. Akisema kama kawaida, atampoteza mama huyu moja kwa moja. Akinyamaza, watu wote wa Muyinga watamzomea. Akaongeza sauti ya filamu, akatafsiri maneno machache tu ya lazima, kwa upole, bila mzaha.

"Zuberi sha, umelala?" mmoja akapiga kelele. "Micro imekufa?"

Wengine wakacheka. Wawili wakatoka, wakipita mbele ya magoti ya Mama Kadidja. Zuberi alitamani ardhi ipasuke. Lakini bakuli zilipofika nne, kelele zikapungua. Zilipofika mbili, hakuna aliyetafuna karanga.

Mwishoni vita imekwisha, mpishi yuko peke yake. Anapanga tena bakuli zote saba, na fidla inarudi na wimbo mzima, haujakosa hata sauti moja. Anagusa kila bakuli huku midomo ikitikisika. Zuberi alifungua kinywa atafsiri, akashusha maikrofoni. Machozi yalikuwa yanamtoka mbele ya ukumbi mzima.

"Anasema nini?" watu wakauliza. "Zuberi, anasema nini?"

"Iko anaita majina yao," ikajibu sauti kutoka mlangoni.

Wote wakageuka. Mama Kadidja alikuwa amesimama, na hajui neno hata moja la lugha ya filamu ile.

"Muziki ilikuwa inaniambia toka mwanzo," alisema. "Hata mi nilipangaka sahani ya Ilyasi mwaka muzima. Nilikuwa naita jina yake, kisha nakula."

Salima alimkodolea macho mama yake. Jambo hilo hakuwahi kulisikia.

"Ni kweli, mama," Zuberi alisema kwenye maikrofoni, sauti ikimkwaruza. "Ni majina."

Hakuna aliyezomea. Watu walitoka taratibu, wengine wakimpa mkono Zuberi, naye akashusha pumzi iliyombana tangu asubuhi. Mwili mzima ulikuwa mwepesi. Alikuwa akikunja nyaya zake, ndipo Mama Kadidja akamjia, akamtazama kidogo, kisha akamgeukia Salima.

"Gari ya kunipeleka Gitega inatokaka saa ngapi?"