Kitabu cha Mapenzi Nilichokitia Motoni

Iko siku moja naikumbuka kwa aibu, mwanangu, na nitakusimulia yote, maana nimesikia unawacheka wenzako kwa vitabu wanavyosoma. Mimi pia nilicheka. Tena mimi nilikuwa na digrii ya kuchekea.

Ilikuwa miezi ya kwanza baada ya uchaguzi ule wa mwaka 2007 uliotuchoma hapa Eldoret. Nilikuwa mwalimu kijana wa fasihi, nimetoka kwetu upande wa ziwa kuja kufanya kazi, nimepanga nyumba Kapsoya. Shule zilikuwa zimefungwa. Kanisa letu likatuomba tusaidie kwenye kambi ya waliokimbia makwao, pale uwanja wa maonyesho ulipojaa mahema. Wengine walipewa kugawa unga, wengine blanketi. Mimi, kwa sababu ya usomi wangu, nikakabidhiwa magunia matatu ya vitabu vya msaada. Nilifurahi kama mtu aliyepewa wizara.

Nikavichambua siku hiyo hiyo, nikatenga mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa vitabu vya shule, tamthilia na riwaya nzito. La pili lilikuwa riwaya za mapenzi, zile nyembamba zenye picha ya msichana na mvulana wakitazamana. Hizo nikaziita takataka. Kuni zilikuwa mbichi wiki ile na wapishi walihangaika kuwasha moto wa githeri, yale mahindi na maharagwe ya kambini, basi nikawapelekea fungu la pili lote. Nilijiona nimefanya la maana.

Kumbe kimoja kati ya vile kilikuwa na wenyewe. Kabla sijafika, Mama Njoki alikuwa amekiokota kwenye gunia, na kila siku akimaliza alikirudisha pale pale kwa uaminifu wake. Mama huyu alikuwa na duka mtaa wa Munyaka; likachomwa, akabaki na leso na miwani. Asubuhi, foleni ya maji ikisimama, aliwasomea akina mama sura moja, moja tu, kisha anafunga. Hadithi ilikuwa ya dereva wa lori aliyepotea safarini na msichana anayemngoja. Sura ya mwisho ndiyo ilikuwa imebaki.

Kati ya wasikilizaji alikuwepo Wambui, msichana ambaye harusi yake ilipangwa iwe baada ya Krismasi. Fujo zilipoanza mchumba wake alitoka kwenda kumtafuta, na hakuonekana tena. Tangu hapo Wambui alikuwa hasemi na mtu, na chakula alikuwa anakitazama tu. Lakini sura ikisomwa alisogea mbele, na siku hizo za mwisho Mama Njoki alikuwa amemwona akimaliza kikombe kizima cha uji.

Asubuhi iliyofuata Mama Njoki akaja kukitafuta kitabu. Nikamwambia kimeenda jikoni. Hakunikaripia. Alinitazama, akanieleza hadithi ilipofika, akasema kwa vile mimi ndiye mwalimu wa fasihi, basi niende foleni nikawamalizie mwenyewe.

Kiburi cha elimu, mwanangu, ni kibaya kuliko cha mali. Nilisimama mbele ya wale wanawake wenye ndoo, nikaona nimepata nafasi ya kuwaonjesha fasihi ya kweli. Chuoni tulikuwa tumeamini kwamba hadithi inayoisha kwa raha ni ya kitoto. Basi nikamuua yule dereva. Nikaliangusha lori lake darajani, nikampeleka msichana kaburini na maua, nikaongeza na mvua juu. Nilisimulia vizuri, sitadanganya. Nikamaliza. Wambui aliiweka chini ndoo yake tupu, akaingia hemani, akajifunika gubigubi. Siku hiyo hakugusa uji, wala siku ya pili yake.

Hapo ndipo Mama Njoki aliponikalisha kando.

"Mwalimu, kufa tunakujua," akasema. "Hakuna mtu hapa anahitaji kufunzwa kufa. Mimi nilichukua kile kitabu kwa sababu nikikifungua najua huko mbele hawa watu wataoana. Ni kitu gani kingine hapa kambini ambacho mtu anajua mwisho wake?"

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nalala kwangu Kapsoya, chini ya mabati yangu mazima. Niliona haya mpaka nikashindwa kumtazama.

Kesho yake nikaingia hema la Wambui, nikakaa chini karibu na kichwa chake. Nikamwambia nimemdanganya. Kile kitabu sikuwahi kukisoma hata ukurasa mmoja. Nilikichoma bila kukifungua, na kile kifo nilikitoa kichwani mwangu mwenyewe. Nikamwomba yeye, aliyesikia sura zote zilizosomwa, aniambie iliishaje.

Alivuta blanketi juu ya kichwa, nikadhani nimemharibia zaidi. Kisha akasema bila kugeuka, sauti imekwaruza:

"Alirudi. Alikuwa amechelewa tu."

Mama Njoki alikuwa amesimama mlangoni. Alilia, na mimi nikalia. Wambui akaendelea polepole: lori liliharibika mbali, simu ikaisha moto wa betri, jamaa akatembea siku mbili. Akapanga hata harusi na nani alipika. Uji ulipoletwa aliunywa huku anasimulia.

Nisikufiche, mwanangu: mchumba wake hakurudi. Hadithi haifufui mtu. Lakini Wambui aliinuka siku ile akaenda kuchota maji, na baada ya miaka akaolewa kwenye kijiji kiitwacho Ziwa, ana watoto na ng'ombe wa maziwa. Tukikutana siku ya soko ananitania mpaka leo kwamba mimi ni hatari kwa madereva.

Baadaye nilirudi chuo kikuu kusomea shahada ya pili, nikaomba kuandika kuhusu riwaya za mapenzi. Mhadhiri mmoja akauliza kama sura ya kwanza itakuwa ya kadi za harusi. Watu walicheka sana. Nikang'ang'ana. Leo vijana wanazifanyia utafiti, wanakutana kwenye makongamano kuzijadili, na mhadhiri yule yule juzi alinitumia mwanafunzi wake nimwelekeze. Kuishi kwingi ni kuona mengi.

Basi shika hili. Kabla hujakiita kitabu takataka, uliza kwanza kilikuwa mikononi mwa nani. Usione haya kusoma hadithi ya watu wanaopendana mpaka mwisho, wala usimcheke anayeiandika, kwani huzuni peke yake haijamfanya mtu msomi. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, hata akiwa na jalada la kuchekesha. Na ukimkosea mtu kwa ujuaji wako, nenda ukamwambie mwenyewe, mapema.

Mungu akupe moyo usiodharau. Akujalie mwenzi wa kukupenda, mzeeke pamoja hapa hapa Eldoret, mlango wenu ukibishwa awe ni jirani ameleta maziwa, si moto.