Safu za Mkono wa Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na kastabini ya nyanya yangu kidoleni, nikidhani najua kushona. Nilikuwa msichana wa Bondeni, mtaa wa Waswahili, na kwetu wote walishona kofia. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ikiwasaka Mau Mau. Memsahibu Katibu wa kamati ya wanawake wa Kizungu aliniketisha katika chumba kidogo nyuma ya ukumbi wa kanisa, hapo Nakuru mjini, mbele ya fremu ndefu kama mlango. Kazi ilikuwa pazia la ukutani la shanga, ziwa na ndege wake, heroe wa waridi, lipigwe mnada ili hospitali ijengewe wodi ya watoto wenye kifua kibaya.

Aliyenifunza ni mwenzangu wa pekee mle chumbani, Mama Muthoni, Mkikuyu kutoka shamba la mzungu kule Dundori. Nyinyi wa leo mnabandika shanga kwa gundi, na zikianguka mnalaumu gundi. Sisi tulilaza. Unatunga shanga kwenye uzi uliopakwa nta, unaulaza juu ya kanvasi, kisha uzi wa pili unaukaza kila baada ya shanga tatu.

“Wewe unavuta uzi kama unafunga ng'ombe,” aliniambia. “Legeza kidogo. Hii kitu inataka kupumua.”

Yeye alitumia mkono wa kushoto. Safu zake zilianzia kulia, basi shanga ziliinamia upande wa pili na kushika mwanga tofauti na zangu. Tukagawana: mimi heroe, yeye maji. Ukipita mbele ya maji yake, yalisogea. Nilimwonea wivu, sisemi uongo.

Jumatatu moja hakuja. Wakikuyu wa mashamba ya juu walikuwa wamepakiwa malori, wanarudishwa eti kwao. Nusu ya ziwa ilikuwa bado kanvasi tupu, na mnada ulikuwa karibu.

“Wewe maliza maji,” alisema Memsahibu Katibu. “Kama hapana weza, mimi nafunga hii kazi, wewe narudi kwa mama yako.”

Baba yangu alikuwa mgonjwa kitandani, na kazi ile ndiyo iliyotulisha. Nilishona safu mbili, zikakaa kama matope. Jioni Memsahibu akafunga mlango na kwenda na ufunguo kwake, kama kawaida. Asubuhi alipofungua, nilikuta safu zangu zimefumuliwa, uzi umekunjwa vizuri kando, na mahali pake safu nne zilizoanzia kulia. Nilizigusa. Nta ilikuwa laini, kama uzi uliotoka mkononi sasa hivi, ilhali chumba kilikuwa na baridi ya kuuma meno.

Memsahibu aliinama akatazama. “Muzuri sana. Wewe najua kazi.”

Nikasema asante.

Jioni hiyo niliifunika fremu kwa shuka, nikalishona pembe zote kwa mishono ya kofia, ambayo pale hakuna mwingine aliyeijua. Kesho yake mishono ilikuwa mizima, sikukosa hata mmoja. Nikaifumua. Chini ya shuka, maji yalikuwa yameongezeka upana wa kiganja.

Kuanzia hapo nilikwenda kazini kukaa tu, nikisukuma sindano hewani Memsahibu akipita. Kiti cha Mama Muthoni nilikisogeza ukutani kila jioni. Kila asubuhi nilikikuta kimevutwa karibu na fremu.

Safu zilifika ukingoni siku tatu kabla ya mnada. Siku hiyohiyo mpishi wa lile shamba la Dundori alileta maua ya kupamba ukumbi, nikamuuliza habari za Mama Muthoni.

“Huyo?” alisema. “Alikufa ndani ya lori, siku ile ile walichukuliwa. Ilikuwa homa ya kifua. Mtoto alibaki na shangazi yake.”

Aliyelinunua pazia alilitoa zawadi kwa wodi. Memsahibu Mwenyekiti wa kamati aliniita mbele ya wageni nikapigiwa makofi, kisha nikapewa kazi ya kudumu: mwalimu wa shanga katika vyama vya akina mama, Subukia kwanza, halafu Mau Narok. Kila mahali wakubwa waliniambia niwaonyeshe wanawake yale maji. Nilijibu kwamba maji yale hushonwa mara moja tu maishani. Nikafundisha heroe mpaka nikastaafu.

Wanangu, kazi ilinipa nyumba na heshima, nashukuru. Lakini miaka mingi baadaye, kule Mau Narok, mwanamke kijana aliingia darasani, akaketi, akashika sindano kwa mkono wa kushoto. Nilihisi baridi ya kile chumba.

“Mwalimu, naitwa Muthoni,” alisema. “Niliambiwa mama yangu alifanya kazi na wewe Nakuru. Kuna kitu yake ilibaki?”

Darasa zima lilinitazama. Bwana Ofisa wa Maendeleo, aliyekuwa mkubwa wangu, alikuwa amesimama mlangoni.

“Hapana, mwanangu,” nilisema. “Aliondoka kabla hatujaanza maji.”

Alinishukuru. Hakurudi tena, nami sikumtafuta, kwa woga na kwa aibu.

Muthoni, kama uko hai na unasoma haya, nenda katika ile wodi ya watoto. Pazia liko juu ya mlango. Maji yote ni ya mama yako, na jina lililoshonwa pembeni ni langu. Nenda na sindano, ulifumue jina hilo.