Jedwali la Saba

Mashine ya taipu ya Mwelu ilianza kulia saa mbili asubuhi na kunyamaza saa kumi na moja jioni. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la karatasi na kalamu, kando ya Barabara ya Jogoo, hatua chache kutoka mahakama ya Makadara. Asubuhi alipiga hati za kiapo: mtu aliyepoteza kitambulisho, ndugu wawili wanaogombania kiwanja, mwanamke ambaye jina lake liliandikwa vibaya kanisani. Mchana, watu wa mahakama wakipungua, alivuta mtoto wa meza na kutoa kazi aliyoipenda zaidi, tasnifu za wanafunzi wa chuo kikuu.

Karani mmoja wa mahakama ndiye aliyemletea ya kwanza, mwaka wa themanini na saba, ikiwa ni ya shemeji yake. Mwaka wa tisini na tatu ulipofika alikuwa amepiga zaidi ya arobaini. Yeye mwenyewe alisoma uhazili mwaka mmoja Machakos, akaolewa na Kyule, dereva wa lori, wakaja kuishi Makadara. Elimu nyingine yote ilimwingia kupitia vidole.

Kwa njia hiyo alijua kwamba kongoni wa nyanda za Athi huhesabiwa kutoka kwenye ndege, na kwamba anayewahesabu hukiri mwishoni kuwa wengine walikuwa chini ya miti na hakuwaona. Mtu wa nyota naye aliandika vivyo hivyo: zile hafifu ambazo darubini yake haikuzifikia alizikadiria, akaeleza alivyozikadiria. Kijana mmoja aliyechunguza gundi ya migunga, jinsi inavyobonyea na kurudi ikiwa laini, alitenga ukurasa mzima wa makosa ya vipimo vyake. Na bibi mmoja wa sheria ya kimataifa aliandika kwamba nchi ikinyamaza wakati jirani anachora mpaka wake baharini, baada ya miaka huhesabiwa kuwa imeridhia. Sentensi hiyo Mwelu aliipiga mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza aliweka kaboni kinyume.

Mwezi wa Novemba ikaja kazi ya Makokha. Alikuwa kijana mrefu, mtu wa Kakamega, mwenye shati moja jeupe la kuonekana nalo mbele ya watu. Tasnifu yake ilihusu afya ya familia katika mitaa ya Eastlands, na ilitakiwa chuoni Ijumaa saa sita. Ikichelewa, kazi ya ualimu aliyoahidiwa ingepewa mwingine.

Jumatatu alasiri Mwelu alifika jedwali la saba. Lilionyesha watoto waliofariki kabla ya kutimiza miaka mitano, mtaa kwa mtaa, katika miaka kumi iliyopita. Mstari wa nne ulikuwa wa kwao. Aliutambua kwa namba za nyumba. Nyumba ishirini na nne, watoto themanini na mmoja, waliofariki: sifuri.

Aliiacha mashine akafungua sura ya mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Hapo Makokha alipendekeza kwamba, kwa kuwa watoto wa mtaa huo wana afya njema, kliniki inayokuja Jumatano katika ukumbi wa mtaa ihamishiwe penye shida zaidi. Mwelu akatafuta ukurasa wa wale wasioonekana, ule ambao mtu wa kongoni alikuwa nao, na mtu wa nyota. Haukuwapo.

Akamkumbuka msichana wa fomu, aliyepita mtaani akihesabu watoto. Alikuja mwezi wa Machi, Jumapili, watu wakitoka kanisani.

"Sasa, mathe? Ni dakika mbili tu," alisema akiwa amesimama mlangoni. "Una watoto wangapi?"

"Wawili."

"Wote wazima?"

"Wazima kabisa."

Msichana akaandika, akashukuru, akaenda nyumba ya pili. Aliandika sawasawa alichoambiwa.

Jioni hiyo Mwelu alimweleza mumewe. Kyule aliweka kijiko chini.

"Mama Ndete, hayo yaache. Kwetu mtoto aliyetangulia hatajwi kwa mgeni."

"Ndiyo maana sikumtaja."

"Basi ulifanya vizuri."

"Nilifanya vizuri, na sasa wataondoa kliniki."

Kyule alimalizia githeri yake polepole, kisha akatoka nje kuangalia tairi la baiskeli ambalo halikuwa na kasoro.

Asubuhi, kwenye bomba la maji, Mwelu alimuuliza Awuor, jirani yake, mke wa mfanyakazi wa reli. Awuor alikuwa amezika watoto wawili.

"Yule msichana ulimwambia una wangapi?"

"Wanne. Si ndio ninao? Wale wawili ninao wapi?" Awuor akafunga bomba. "Akauliza kama ni wazima. Nikamwambia, si unawaona wakipigana hapo? Mtu anasimama mlangoni kama wa kudai kodi, nimwambie habari za makaburi?"

Jumanne mchana Makokha alikuja kuchukua sura zilizokwisha. Mwelu alimpa zote isipokuwa ukurasa wa jedwali la saba.

"Huu sijaumaliza. Mstari wa nne si kweli."

Makokha alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyelala vya kutosha. "Mama Ndete, mimi nilikuletea upige. Sikukuletea usahihishe."

"Najua."

"Msimamizi wangu amelipitia jedwali hilo. Profesa mzima! Halafu mpiga taipu ndiye aone kosa?"

"Profesa haishi nyumba namba kumi na saba."

"Ushahidi uko wapi, mama? Fomu ninazo, zimejazwa, zimetiwa sahihi."

Mwelu aliyatazama makaratasi ya viapo yaliyorundikwa kando ya mashine. Kwa miaka minane alikuwa amepiga maneno ya watu wengine waliosema kwamba yote haya ni kweli kwa kadiri wanavyojua. Ya kwake hakuwahi kumwambia mtu nje ya ukoo.

"Basi andika ya kwangu," alisema. "Nilimwambia msichana wawili. Nimezaa watatu."

Makokha aliketi kwenye benchi la wateja. Hakutoa kalamu.

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Fomu yako haina nafasi ya jina."

"Fomu tuiache. Nauliza mimi."

"Mukai. Alikuwa na miezi kumi na mmoja. Surua, mwaka wa themanini na sita."

Nje mlinzi wa mahakama aliita majina ya kesi za mchana. Makokha alisikiliza kana kwamba lake lingeitwa.

"Na Ijumaa zimebaki siku tatu tu," akasema.

"Nyumba ni ishirini na nne tu. Njoo kesho saa tisa, kina mama wakiwa wametoka kliniki. Wewe utaandika, tutauliza sisi."

Alikuja, amevaa lile shati jeupe. Awuor aliwatangulia akipiga hodi kwa sauti ya kusikika safu nzima. "Fungueni! Huyu kijana si askari wa kanjo, hachukui sufuria za mtu!" Ndani ya kila nyumba waliketi kwanza. Mwelu hakuuliza mtu ana watoto wangapi. Aliuliza, "Umezaa mara ngapi?" kisha akasubiri. Wengine walijibu upesi. Mmoja alimtuma binti yake dukani ndipo akasema. Mmoja alikataa katakata, na Makokha akaandika kwamba amekataa. Kufikia saa kumi na mbili walikuwa wamewapata watoto tisa waliofariki.

Alhamisi watu wa viapo walilalamika wee, wakaambiwa warudi Jumatatu. Mwelu alilipiga upya jedwali la saba, akaipiga sura ya mwisho bila lile pendekezo la kliniki. Kulikuwa na mitaa mingine mitano katika jedwali, na muda wa kuirudia haukuwapo. Makokha alisimama nyuma ya kiti chake akitunga aya.

"Andika: inawezekana kwamba baadhi ya vifo katika mitaa iliyobaki havikuripotiwa..."

"Inawezekana?"

Akafikiri. "Andika: ni dhahiri."

"Na ueleze kwa nini. Mtu wa kongoni alieleza, miti ilimzuia."

"Andika basi: kwa sababu swali liliulizwa vibaya, na liliulizwa mlangoni."

Hiyo aliipiga bila kosa hata moja.

Ijumaa saa nne Makokha aliondoka na nakala zake tatu chini ya kwapa, akikimbia. Kazi ya ualimu aliipata. Kliniki iliendelea kuja Jumatano, na hakuna aliyewaambia kama tasnifu ile iliwahi kusomwa na mtu yeyote wa kuamua jambo.

Jioni ya Ijumaa ile ile Kyule alirudi, akanawa mikono, akaketi.

"Na wetu ameandikwa?"

"Ameandikwa."

"Kwa jina?"

"Kwa namba."

"Unayo hapo?"

Mwelu alikuwa amebaki na nakala ya kaboni, yenye maandishi ya buluu yaliyofifia kidogo pembeni. Akaitandika mezani mbele yake, akamwonyesha mstari wa nne. Kyule aliishika karatasi kwa ncha za vidole, maana mikono yake ilikuwa bado na maji.

"Hii tisa," alisema. "Yeye ni yupi?"

"Wote wamo humo."

Alisogeza taa karibu, akaendelea kuitazama.